MOTOKAA YA BABU ISIUZWE KWA KILO

Mwezi wa Desemba mwaka 2023, tulipokuwa tumekwisha kufunga shule, alikuja nyumbani kwa bibi yangu huko Hombolo mtu mmoja mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuja na pikipiki ya magurudumu matatu na mizani ya kuning'iniza. Akaizunguka motokaa ya marehemu babu mara mbili, akaigonga bodi kwa kiganja, akachungulia chini, kisha akasema kwamba yeye haoni motokaa hapo, aona kilo tu. Akataja bei ya shilingi laki sita kwa kitu kizima, pamoja na kuku waliokuwa wakitaga ndani yake kama tungependa kumwongezea. Watu wakacheka. Baba mdogo hakucheka, maana alikuwa akitafuta fedha za kununua pampu ya kumwagilia mizabibu yake, na laki sita zilikaribia kutosha.

Naandika makala haya kwa kuwa naamini jambo kama hilo limekwisha kutokea, au litatokea, katika nyumba nyingi za wanafunzi wa shule yetu. Tangu serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, na zaidi tangu mji ulipotangazwa kuwa jiji mwaka 2018, viwanja vinapimwa hata mahali tulipozoea kuchungia mbuzi, na kila ua wasafishwa. Trekta la mjomba lililokufa chini ya mbuyu, lori lisilo na magurudumu, pikipiki ya zamani ya baba, vyote sasa vyatazamwa kwa jicho la mizani. Maoni yangu ni haya: motokaa ya urithi iliyolala miaka mingi isiuzwe kwa kilo kabla haijachunguzwa, na yule atakaye kuiamsha asiiamshe kwa pupa. Makosa haya mawili naona ni ndugu wa tumbo moja.

Motokaa yenyewe ni Peugeot 404. Rangi yake ilikuwa nyeupe, lakini kwa jua na vumbi imekuwa kama uji wa mtama. Babu, aliyekuwa dereva na makanika, aliinunua mwaka 1979 ikiwa imekwisha kutumika, kutoka kwa mwalimu mmoja wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao. Aliiendesha mpaka mwaka 1998, sahani ya klachi ikaisha, akaiegesha chini ya banda la nyasi akasema itakaa hapo wiki mbili tu, mpaka kifaa kipatikane. Wiki mbili hizo zikawa miaka ishirini na mitano. Babu alifariki mwaka 2022, na banda lilikuwa limekwisha kuanguka mara mbili na kujengwa upya mara mbili. Hapo ndipo mtu ajue kwamba hakuiacha, ila hakuweza.

Alipokuwa hai alituambia sisi wajukuu kwamba hiyo ni motokaa ya mashindano. Nasi tulisadiki. Na kwa kweli jina la 404 halikosi heshima katika Afrika Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, yakapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Peugeot 404 ilishinda mara nne: mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili za katikati aliyeshika usukani ni Bert Shankland, mkazi wa hapa kwetu Tanzania, pamoja na mwenzake Chris Rothwell. Mara ya kwanza na ya mwisho walishinda Nick Nowicki na Paddy Cliff wa Kenya. Mwaka 1963 ziliondoka motokaa 84, zikamaliza saba. Mwaka 1968 ziliondoka 93, na mara hii pia zikamaliza saba tu, nyingine zote zikabaki matopeni, mitoni au zimevunjika springi. Kwa macho ya mtu wa leo 404 si motokaa ya michezo hata kidogo: ina milango minne, gia yake iko shingoni mwa usukani, na mama mwenye mtoto mgongoni aingia bila kuinama sana. Lakini ilizishinda motokaa nyingi zilizokuwa na sura ya ukali kuliko yake.

Sasa nitasema jambo lililoniumiza. Tulipofungua boneti na kutoa viota vya panya, tuliona kabureta moja, ya kawaida kabisa. Fundi mmoja mzee, rafiki wa babu, ambaye sisi humwita Babu Fundi, akatuambia kwamba zile 404 zilizoshinda kuanzia mwaka 1966 hazikuwa na kabureta. Zilikuwa na injeksheni, yaani pampu inayoisukuma petroli na kuinyunyizia injini kwa kipimo. Kwa hiyo motokaa ya babu haikuwa ya mashindano. Ilikuwa ni motokaa ya mwalimu. Baba mdogo akasema, "Basi tumekuwa tukitunza hadithi," na kesho yake akampigia simu yule mtu wa mizani.

Hapo ndipo mabishano yalipokuwa makali nyumbani kwetu, na hapo ndipo nami nilipoanza kuwa na maoni. Kabla ya siku ile nilikuwa nataka tu motokaa iwake ili niwasimulie wenzangu bwenini. Nilijiuliza: je, kitu cha urithi chapoteza haki ya kutunzwa kwa sababu hakikupata kombe? Bibi yangu hakupata kombe lolote. Motokaa ile ilimpeleka shangazi hospitali usiku alipokuwa akitaka kujifungua, ikarudi na watu watatu badala ya wawili. Ilibeba mahindi, ilibeba maiti, ilibeba maharusi. Ikiwa babu aliipamba kidogo kwa hadithi, hilo ni kosa la babu, si la motokaa.

Lakini sipendi mtu adhani kwamba namlaumu baba mdogo. Yeye si mtu mbaya, na mizabibu yake ni halali yake. Nasema wazi kwamba kama bibi angekuwa hana paa, au mtoto angekuwa mgonjwa, ningeishika mizani ile kwa mkono wangu mwenyewe. Tena kulikuwa na jambo la sheria ambalo wengi hawalijali. Kadi ya motokaa ilikuwa bado kwa jina la marehemu, na mali ya marehemu haina wa kuiuza mpaka msimamizi wa mirathi athibitishwe na mahakama. Kikao cha ukoo kilikuwa kimempendekeza baba mdogo, lakini mahakama ilikuwa haijamthibitisha. Basi uuzaji ukangoja, na kungoja huko kukatupa sisi nafasi.

Nafasi yenyewe tuliitumia vibaya mara ya kwanza. Binamu yangu, ambaye ni kondakta wa daladala na kwa hiyo adhani ni fundi, alileta betri ya lori siku ya Krismasi. Watu walikuwa wamejaa uani. Akafunga waya, akageuza ufunguo. Stata ikaguna kama ng'ombe aliyekwama matopeni, moshi ukatoka, harufu ya kuungua ikasambaa, na huo ukawa mwisho wa stata. Injini ilikuwa imeng'ang'ana. Methali ya haraka mnaijua, sitairudia hapa.

Babu Fundi alipoitwa hakusema neno mpaka alipomaliza chai. Kisha akatueleza. Ndani ya injini kuna silinda nne, na katika kila silinda pistoni yapanda na kushuka. Kiunoni mwa pistoni mna ringi za chuma zinazogusa ukuta wa silinda. Injini ikilala miaka mingi, oili yote hushuka chini kwenye karta, ukuta hubaki mkavu, unyevu kidogo wa masika huingia, na kutu hushikanisha ringi na ukuta. Kutu yenyewe yaweza kuwa nyembamba kuliko karatasi. Ukiilazimisha injini kwa nguvu ya stata, au kwa kuivuta na trekta kama wengi wafanyavyo, kutu haitaachia kwanza; zitavunjika ringi. Ukingoja, itaachia kutu.

Akatoa plagi zote nne, akamimina katika kila tundu oili nyepesi iliyochanganywa na mafuta ya taa, akaziba kwa vitambaa safi. Nikamwuliza tungoje muda gani. Akaniuliza, "Shule yenu inafungua lini?" Nikamwambia Januari. "Basi nenda kasome," akasema.

Naam, hapo ndipo nilipotambua kwamba maisha ya bweni yafaa sana kwa kazi hii. Sisi hatuko nyumbani miezi mingi, nasi hatuwezi kuharibu kitu kilicho mbali. Muhula mzima nilikuwa nikisoma kemia, nayo oili ilikuwa ikisoma kutu. Likizo fupi ya Aprili mwaka 2024 tukaongeza mchanganyiko. Tukachukua hendeli ya kuzungushia injini kwa mkono, maana 404 ina tundu lake mbele, chini ya namba, jambo ambalo motokaa za siku hizi hazinalo. Tukajaribu kwa upole. Haikutikisika. Mwezi wa Juni tukajaribu tena, ikasogea kiasi cha upana wa kucha. Tukairudisha nyuma, tukaisogeza mbele, tukairudisha, kama mtu atikisaye jino. Siku ya tatu ikazunguka mzunguko mzima, na kutoka katika matundu ya plagi kukatoka maji meusi yenye kutu. Nilimwona Babu Fundi akifuta uso wake kwa kitambaa kile kile cha oili. Alisema ni jasho.

Sasa wako wasomaji watakaosema: bahati tu, motokaa nyingine zimeoza kabisa. Ni kweli, lakini hapa kwetu bahati hiyo ina sababu. Uwanda wetu u juu, zaidi ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua zetu ni za msimu mmoja tu, tangu Desemba mpaka Aprili, tena haba. Miezi saba hewa ni kavu kama unga. Motokaa iliyoachwa Tanga au Dar es Salaam miaka ishirini na mitano hutobolewa na hewa ya chumvi ya bahari hata sakafu yake ikawa chujio. Ya babu, tulipokwangua udongo, sakafu yake ililia kwa kugongwa kama sufuria. Ukame ambao twaulalamikia kila mwaka kwa sababu ya mtama ndio huohuo uliozihifadhi chuma za wazee wetu. Kinachokufa hapa si chuma bali mpira. Jua huukausha na kuupasua, nao mchwa na panya hula yaliyobaki. Kwa hiyo mtu wa Dodoma anayeuza motokaa kwa kilo auza hasa ile sehemu iliyo nzima, kwa kukasirikia ile iliyoharibika.

Na kuhusu pupa, nchi hii yetu ya kati ina ushahidi mkubwa kuliko stata ya binamu. Kongwa si mbali na hapa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza huko mradi mkubwa wa karanga. Walitaka mafuta upesi baada ya vita. Wakaleta matrekta, mengi yakiwa yamekwisha kutumika vitani na kuchoka, wakaleta hata vifaru vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Hawakungoja kuujua udongo wala mvua. Mibuyu na mizizi ya vichaka ikavunja majembe, udongo wakati wa kiangazi ukawa mgumu kama saruji, vipuri vikakosekana, mashine zikasimama safu kwa safu. Mwaka 1951 mradi ukafungwa. Baba yake babu alikuwa kibarua huko, na ndiko alikojifunza kushika spana, naye akamfundisha mwanawe. Babu alikuwa akisema kwamba baba yake hakujifunza Kongwa namna ya kutengeneza mashine, alijifunza namna zinavyouawa. Sijui kama neno hilo ni la babu wa kwanza au wa pili, lakini nalisadiki kuliko ile habari ya mashindano.

Nirudi kwenye 404. Jambo la pili ninalotaka kulisisitiza ni breki, na nalisisitiza kwa sababu karibu tulie. Desemba mwaka 2024 tuliisukuma motokaa itoke bandani ili tuioshe. Ua wa bibi una mteremko ambao sisi tuliozaliwa pale hatuuoni. Motokaa ikaanza kwenda yenyewe. Binamu akaruka ndani akakanyaga breki, mguu ukazama mpaka sakafuni, hakuna kitu. Ikaenda polepole, bila sauti, hilo ndilo lililokuwa la kutisha, ikapita mahali ambapo mdogo wangu wa miaka minne alikuwa akicheza na kifuu cha nazi muda mfupi kabla ya hapo, ikavunja ukuta wa zizi la mbuzi, ikasimama. Mtoto alikuwa amekwenda kunywa maji. Kifuu chake tulikikuta kimesagwa. Bibi hakupiga kelele. Alikaa chini pale pale alipokuwa, akakaa kitambo kirefu.

Tangu siku ile sikubali kumsikia mtu akisema "tuiwashe kwanza, breki baadaye". Kila nilipotazama watu wakiamsha motokaa za zamani, huanza na injini kwa kuwa injini ina sauti na sauti ndiyo huleta watazamaji. Breki hazina watazamaji. Mafuta ya breki yana tabia ya kunyonya unyevu wa hewa mwaka hata mwaka, na unyevu huo hufanya kutu ndani ya masta silinda na katika silinda ndogo za magurudumu. Mipira ya ndani hukakamaa. Mirija ya mpira huvimba kwa ndani hata ikaziba, na nje ikaonekana nzima. Tulivua vyote. Mirija na mipira tuliagiza Dar es Salaam, ikaja kwa basi, na likizo yote ile hatukugusa injini. Binamu alichoka akaenda zake.

Kuhusu petroli nitasema kwa ufupi lakini msikie. Petroli iliyokuwa ndani ya tangi ilikuwa ya mwaka 1998, nayo ilikuwa ya risasi. Petroli ya namna hiyo iliondolewa katika nchi zetu za kusini mwa Sahara mwishoni mwa mwaka 2005, kwa kuwa risasi ni sumu, hasa kwa ubongo wa watoto. Binamu alitaka kuivuta kwa mdomo kwa mpira, kama wafanyavyo watu wote njiani. Babu Fundi alimpiga kofi la mkono, mtu mzima yule. Tukafungua tangi, tukamwaga katika debe, tukaliosha mara nyingi. Yaliyotoka yalikuwa rangi ya chai ya rangi na harufu ya vanishi. Petroli ikizeeka hugeuka gundi, na gundi hiyo huziba vitundu vya kabureta ambavyo sindano haipiti. Vilevile waya zote panya walikuwa wamezivua nguo. Kama binamu asingeunguza stata siku ya Krismasi, huenda angeiunguza motokaa yote na banda. Maji ya rejeta tuliweka ya mvua, maana ya kisima cha kwetu yana chumvi, tazameni birika zenu.

Juni mwaka 2025 ndipo ilipowaka. Kabla ya kuwasha, Babu Fundi alifungua kifuniko cha juu cha injini akanizungushisha hendeli bila plagi mpaka tukaona oili mpya ikichomoza juu kwenye vali. Ilichukua muda, mabega yakaniuma siku mbili. Kisha akarudisha plagi, akanionya nishike hendeli huku kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine, kwa kuwa injini ikirudisha teke huvunja mkono wa aliyeikumbatia. Ilikataa mara tatu. Mara ya nne ikapiga chafya. Mara ya saba au ya nane, sikuhesabu tena, ikashika. Moshi wa buluu, ile oili ya mihula yote ikiungua, ukafunika ua mzima hata hatukuonana. Moshi ulipopungua nilimwona baba mdogo amesimama mlangoni na jembe begani. Alikuwa ametoka shambani mbio. Akasema alidhani ni babu.

Hatukuongea kwa kitambo.

Hesabu sitaificha. Mpaka leo zimetumika shilingi laki saba na elfu arobaini, bila kuhesabu mbuzi wawili aliopewa Babu Fundi. Fedha hizo zilitoka kwa baba, kwa shangazi yule aliyepelekwa hospitali, na kidogo kwangu, nilizopata kwa kuchuma zabibu za watu. Kwa hiyo kwa hesabu ya dukani yule mtu wa mizani alitushinda, na mwalimu wangu wa hisabati ameniambia hivyo akicheka. Nakubali. Lakini mwenye kuuza kwa kilo hawezi kesho kubadili shauri. Kilichoyeyushwa hakirudi kuwa 404. Mwenye kutengeneza aweza kuuza bado, tena kwa bei ya motokaa. Mahakama imekwisha kumthibitisha baba mdogo, na ikiwa siku moja ataamua kuiuza kwa mtu atakayeiendesha, mimi sitapinga. Ninachokataa ni ile mizani.

Kwa wenzangu ambao nyumbani kwao iko motokaa iliyolala, ombi langu ni dogo. Msiitie betri likizo ijayo. Toeni plagi, mimineni oili kidogo, zibeni, mrudi shuleni. Tazameni chini yake kama sakafu yalia kama sufuria. Waulizeni wazee iliegeshwa kwa sababu gani, maana mara nyingi ni kwa kitu kidogo, kama klachi ya babu, ambayo hatimaye tuliipata Dar es Salaam kwa mtu mwenye 404 mbili zilizokufa.

Kwetu bado kuna kazi. Bima haijakatwa, ukaguzi haujafanywa, na mimi mwenyewe siwezi kuiendesha barabarani kwa kuwa sijatimiza miaka kumi na minane. Tumeipeleka tu mpaka mwisho wa shamba na kurudi, Babu Fundi kwenye usukani. Siku ile jioni nilimkuta baba mdogo peke yake nyuma ya motokaa, buti likiwa wazi, akipima kwa mikono. Alikuwa akihesabu kreti za zabibu za mavuno ya Agosti. Zaenea nne, akaniambia, na nyingine tatu kama kiti cha nyuma kitatolewa. Bibi amekataa kiti kisitolewe. Kuna kuku aliyekwisha kurudi kutaga pale.